Jina la Baba Mkwe Ubaoni

Odeta wa nyumba ya pili anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema alikuwa anatoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na beseni la dagaa kichwani, akapita chini ya dirisha la ukumbi wa klabu ya akina mama hapa Kirumba, akanisikia. Anasema nilikuwa nimesimama mbele ya watu kama mzungu, fimbo mkononi, nagonga ubao, na kila nikigonga wanawake wote wanaitikia jina la baba mkwe wangu, kwa nguvu, kama watoto wanavyoitikia a, e, i, o, u. Anasema mimi nilikuwa nacheka. Anasema alishtuka mpaka akatua beseni chini, mbwa akaja akala nusu ya dagaa, na yeye hakumfukuza.

Dagaa waliliwa, hilo ni kweli. Na jina lilisemwa, hilo nalo ni kweli, tena mara tatu. Mengine ni ya Odeta.

Kwetu Usukumani mke hataji jina la baba mkwe wake. Siku niliyoletwa Kirumba, kabla sijaonyeshwa hata mtungi ulipo, mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha. Jina la baba halipiti mdomoni mwako. Ukimwita, sema baba. Ukimtaja kwa wengine, sema baba Malimi, kwa jina la mume wako. Na kukiwa na mtu mwingine mtaani mwenye jina hilohilo, naye usimtaje. Sema wajina wa baba. Mtu huyo alikuwepo kweli, muuza mafuta ya taa, na mpaka leo mimi hununua mafuta kwa wajina wa baba. Mama mkwe mwenyewe alishika hivyo kwa mkwe wake mpaka mzee yule akazikwa. Siku moja tukianika michembe ya viazi juani aliniambia kwamba jina lile hata angetaka kulitaja sasa asingeweza, amesahau linavyoanza.

Anayeteleza hapigwi wala hatukanwi. Anafungiwa nguo zake, anarudishwa kwa wazazi wake, na anakaa huko mpaka walete mbuzi wa kumwosha mdomo. Wengine hurudi upesi. Lakini mke wa Chenge, mtoto wa baba mdogo Ngosha, mdogo wake baba mkwe, aliteleza siku paa la jiko lilipowaka moto, akamwita mkwe wake kwa jina aje kuwasaidia. Paa lilizimwa, yeye akarudishwa kwao Magu. Mbuzi alipofika masika yalikuwa yameshapita, na jikoni alimkuta mwanamke mwingine anakoroga uji.

Mimi kwetu ni Sengerema, ng'ambo ya ziwa, unavukia Kamanga. Baba yangu yuko peke yake tangu mama afariki, miguu inamsumbua, na mbuzi wake walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Nilijua nikivushwa kwenda kwetu nitakaa huko moja kwa moja.

Ulikuwa mwaka wa kabla ya uhuru. Kila mtu alikuwa anasema Waafrika watahitajika kila mahali, na wale waliokuwa wakilala mpaka jua lipande walianza kuamka mapema, hawajui wanaamkia nini. Hospitali ikatangaza kwamba itachukua wanawake wanne iwafundishe kazi ya usaidizi wa wodini, mradi wawe wanajua Kiingereza kidogo, kwa kuwa masista walikuwa wageni na Kiswahili chao kilikuwa cha leta maji na lala hapa. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne. Malimi mume wangu, ambaye ni baharia kwenye meli ya Bukoba, alimwomba baba yake niruhusiwe kwenda klabuni alasiri kujifunza. Baba mkwe alikuwa anasokota kamba, kazi yake ya kila siku tangu alipoacha kulima pamba. Hakuinua kichwa. Alisema asome, mradi maji yawe mtungini.

Maji yalikuwa mtungini kila siku.

Mwalimu wetu aliitwa Venant, kijana wa Kihaya, shati lake limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Alikuwa na aibu ya wanawake, nasi tulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Wiki ya mkasa huu alipiga mstari wima katikati ya ubao. Kushoto, alisema, ni majina ya kawaida. Kulia, majina ya pekee. Kushoto aliandika river, kulia akaandika Mirongo. Kushoto town, kulia Mwanza. Jina la kawaida ni la kila kitu cha aina hiyo, kwa hiyo linaanza kwa herufi ndogo. Jina la pekee ni la mtu mmoja au mahali pamoja, na Mwingereza hulipa herufi kubwa popote litakapokaa, hata likiwa katikati ya maneno mengine.

Bernadeta wa Ukerewe, mwanamke mpole mwenye mapacha, aliuliza inakuwaje basi, maana kanisani kwao akina Suzana wako watatu, na mmoja yumo humu darasani. Alinionyesha mimi. Je, Suzana si limekuwa jina la kawaida? Mwalimu Venant akafikiri kidogo. Akasema, mtu akisimama mlangoni akaita Suzana, anamtaka mmoja, si wote watatu. Hapo tukaelewa.

Basi Mwaija akanyoosha mkono. Mwaija ni wa mtaa wa Mirongo, mtoto wa mjini hasa, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakaoa hapa na pale, na yeye haogopi mtu.

"Mwalimu," alisema, "mume wangu mwandike kushoto. Hana la pekee hata moja."

Tulicheka mpaka Mwalimu Venant akageuka akafuta ubao mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Alikuwa na desturi yake moja. Chochote kilichoandikwa ubaoni, fimbo yake ikikigusa, tunakisoma wote kwa pamoja mara tatu. Tulishazoea mpaka hatukuwa tunafikiri tena. Fimbo ikigusa, midomo inafunguka. Kuna siku alirudi nyuma bila kutazama, fimbo ikagusa kalenda ya duka iliyokuwa ukutani, nasi tukasoma jina la sabuni mara tatu, wazi na kwa adabu.

Ijumaa ile alikuja bibi mkubwa wa hospitali mwenyewe, mkuu wa masista, kuchagua wanne. Alikuwa mwanamke mrefu, saa yake ameibana kifuani kwa pini. Alikataa kiti. Alimwambia Mwalimu Venant atueleze kwamba hakuja kutafuta wenye maneno mengi. Wodini kwake, alisema, kila mgonjwa huitwa mama. Msaidizi akija mbio kumwambia mama ana homa, dawa ampe mama yupi? Na wakikosea mama? Alitaka mtu ambaye akiulizwa nani, anataja nani.

Akaanza kupita kwenye mabenchi. Bernadeta aliulizwa anatoka wapi. Akasema kisiwa, kisha akasema Ukerewe. Mwaija aliulizwa anaishi na nani. Akasema mume, kisha akatamka Shaibu kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku, na bibi yule akatabasamu kidogo. Getruda, Msukuma mwenzangu aliyeolewa nyumba za nyuma ya soko, aliulizwa mtoto wake anaitwa nani. Niliona mabega yake yalivyoshuka alipoona ni mtoto tu.

Akafika kwangu. Akaniuliza, mkuu wa nyumba yenu ni nani?

Nilijibu kwa Kiingereza, wala sikukwama. Nilisema ni baba mkwe wangu. Bibi yule akaitikia kwa kichwa, kisha akaonyesha ubao kwa kidole, upande wa kushoto. Hilo ni la kule, alisema. Kila mke ana baba mkwe. Wako ni nani?

Nilisikia mtu anapiga makasia ziwani, mbali. Getruda alikuwa anatazama miguu yake. Nilijaribu kutafuta maneno ya kueleza, lakini kwa Kiingereza sikuwa nayo, na kama ningesema kwa Kiswahili Mwalimu Venant angetakiwa kutafsiri, na usoni niliona kwamba hata yeye hakujua ninachokwepa. Kwao Bukoba wana miiko yao, huu hakuujua. Alinisihi kwa sauti ya chini, Suzana, hili unalijua, sema tu. Nyuma yangu Mwaija akaninong'oneza jina lenyewe, akidhani nimelisahau. Kwao mkamwana humtaja mkwe wake, na maisha yanaendelea.

Nikabaki nimesimama, mdomo umefungwa.

Bibi yule alingoja kwa heshima. Kisha akamwambia Mwalimu Venant maneno ambayo niliyaelewa yote, na afadhali nisingeyaelewa. Alisema huyu bado hajaona tofauti. Akageuka kwa aliyefuata.

Hapo ndipo nilipotoka kwenye benchi. Sikupanga. Nilikuwa nafikiria alivyosema mama mkwe jikoni, neno kwa neno: halipiti mdomoni mwako. Mkono hakuutaja. Nikachukua chaki, na upande wa kulia wa mstari nikaandika jina la baba mkwe wangu, herufi kubwa mbele, nyingine zikifuata. Sikulisema hata moyoni. Nilikuwa nahesabu maumbo tu, hili lina mkia, hili lina tumbo. Na hapa pia silirudii.

Nilikusudia kulifuta papo hapo. Kitambaa kilikuwa mkononi tayari. Lakini Mwalimu Venant alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, amefurahi kweli, kama ndugu, na kabla sijainua mkono fimbo yake ikagusa ubao.

Wakalisoma.

Ukumbi mzima, wanawake wa Mirongo na wa Ukerewe na wa Bukoba, kwa sauti moja. Mara ya kwanza nilidhani paa limeanguka. Mara ya pili niligeuka niwanyamazishe, mdomo ukafunguka bila sauti, na huenda ndicho Odeta anachokiita kucheka. Getruda peke yake alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja. Mara ya tatu niliona beseni dirishani, na chini ya beseni uso wa Odeta.

Bibi mkubwa akasema vema. Alitaja wanne: Bernadeta, Mwaija, mwanamke mmoja wa Nyegezi, na mimi. Tufike langoni Jumatatu asubuhi, alisema, na atakayekosa nafasi yake atapewa mwingine, maana wanaotaka ni wengi. Alipolitaja jina langu alilitamka polepole, Suzana, ili asikosee. Sikumbuki ni lini mtu alilitamka hivyo tangu niolewe. Nyumbani mimi ni mke wa Malimi.

Nje Getruda akanishika kiwiko. Aliniambia nikimbie nifike kabla ya Odeta, nilie kabla sijaulizwa, nipige magoti. Lakini anayekimbia ameshajihukumu. Nilitembea. Nilipita kwa wajina wa baba nikachukua mafuta ya taa, kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa asubuhi.

Nilipoingia uani jua lilikuwa bado liko juu ya maji. Odeta alikuwa ameketi mkekani, kikombe cha maji mkononi, beseni lake pembeni. Baba mdogo Ngosha alikuwa amesimama. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono ndani ya kanga. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, goti moja limekunjwa, anasokota kamba juu ya paja kama kila siku, kiganja kinakwenda, kinarudi.

Nilipiga magoti nikawaamkia wote. Aliyeitikia marahaba ni baba mkwe peke yake, tena taratibu.

Ngosha hakungoja niinuke. Alisema jina la kaka yake nimelitupa kwa wanawake wa mjini kama matumbo ya samaki. Alisema sasa kila muuza vitumbua wa Mirongo ataliita akitaka. Alisema alikuwa amewaonya tangu mwanzo, mwanamke akipewa chaki atataka na kigoda. Odeta aliongeza kwamba herufi zilikuwa kubwa, kubwa kama za mlango wa duka, yeye hajui kusoma lakini ukubwa aliuona.

Mama mkwe aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ulilisema?"

"Sikulisema, mama. Walisema wao. Mimi niliandika."

Niliona anataka jibu hilo litoshe. Lakini Ngosha alicheka puani.

"Huyu aliwasha, wale wakapuliza," alisema. "Nyumba si imeungua?"

Nilieleza ilivyokuwa, tangu mstari wa ubaoni na herufi kubwa ya mbele mpaka fimbo ya mwalimu. Nilisema Jumatatu natakiwa hospitali. Nilisema nisipofika nafasi itakwenda kwa mwingine. Nikasema Malimi yuko melini na hatafika kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ninaowategemea ni hawa walio mbele yangu. Nilizungumza polepole nikitazama kamba, si nyuso. Kwa baba mkwe mimi husoma mikono. Akiwa na hasira husokota kwa kasi, akiwa na mawazo kamba hulegea. Jioni ile mkono wake ulikwenda na kurudi sawasawa, na sikuweza kuusoma.

Ngosha alitoa shauri lake. Kesho pantoni ya kwanza, nivuke Kamanga, na baba yangu alete mbuzi ndipo maneno yaanze. Mambo ya hospitali yatakuwepo tu, alisema, wagonjwa hawaishi. Kisha akanielekea mimi.

"Na ukilirudia mbele yangu, kwa mdomo, kwa mkono, hata kwa kidole cha mguu, pantoni sitaingoja. Nakuvusha leo hii kwa mtumbwi."

Mama mkwe akaingia ndani. Tulisikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa amebeba nguo zangu zimefungwa kwenye kanga, lakini fundo hakulikaza. Alilishika kwa vidole vyake viwili tu, kama mtu anayeshika kitu cha jirani. Alisimama nalo. Hakuliweka chini wala hakunipa.

Watu wote wakageukia kigodani, kwa kuwa nyumba ni ya baba mkwe na jina ni lake, na Ngosha kwa maneno yake yote alikuwa mdogo.

Mkono ukasimama.

"Kwa nini mbele liwe kubwa?" aliuliza baba mkwe.

Hakuna aliyetegemea hilo. Odeta akadhani ameulizwa yeye, akaanza kusema kwamba kweli lilikuwa kubwa, lakini baba mkwe alikuwa ananitazama mimi. Hunitazama mara chache. Ndiyo heshima yenyewe ilivyo, yeye kutonitazama na mimi kutomtaja.

Nikamweleza kama tulivyofundishwa. Nilisema Waingereza wana majina ya namna mbili. Mzee, baba, mkwe, mwanamume, hayo ni ya kila mtu, yanaanza kwa herufi ndogo. Lakini lipo la mtu mmoja, ambalo likiitwa anageuka yeye tu. Hilo wanalipa herufi kubwa, hata kama mwenyewe ni maskini, hata kama ni mtoto.

"Hata mtoto," alisema baba mkwe.

"Hata mtoto, baba."

"Na la gavana?"

"Herufi ya mbele ni ileile, baba. Haizidi."

Ngosha akasema kaka, usimwache akuzungushe. Baba mkwe hakumsikia, au alimsikia akamwacha. Aliichukua ncha ya kamba akaizungusha kidoleni. Akaanza kusema, si kwa mtu hasa, kwamba pamba ameuza tangu Malimi hajaota meno. Kila msimu karani anaandika, anamsomea, yeye anabonyeza dole gumba.

"Sijui kama aliniandika mimi au aliandika mbuzi," alisema.

Odeta alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akanywa maji.

"Hao waliolisoma," baba mkwe aliendelea, "wananijua?"

"Mwaija anakujua kwa kukuona, baba. Wengine hawakujui."

"Wa Ukerewe?"

"Hajawahi kukuona."

"Na alilisoma."

"Alilisoma, baba."

"Sawasawa? Hakulivunja?"

Nilifikiri kwanza. Nilitaka kusema kweli, kwa kuwa niliona neno lolote la kumfurahisha tu angelijua. Nikakumbuka sauti zile, na Bernadeta anavyozisema r zake kama l.

"Alilisema kwa ulimi wa kwao," nilimwambia. "Lakini ungesikia ungegeuka."

Kutoka mwaloni zilikuja kelele za watu wanaovuta mtumbwi nchi kavu, moja, mbili, haya. Mama mkwe alihamisha nguo zangu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Basi baba mkwe akaiweka kamba chini. Akainama, akatandaza kiganja chake juu ya udongo mbele ya kigoda, akaupapasa, akatoa jiwe moja na manyoya ya kuku, akaupapasa tena mpaka pakawa laini kama kifuniko cha mtungi. Akachukua fimbo yake ya kutembelea iliyokuwa imeegemea ukuta. Aliigeuza, akanielekezea upande wa kushikia.

"Nionyeshe," alisema.

Ngosha akapiga hatua. "Kaka, nimeshasema litakalompata akilirudia. Nimesema mbele ya watu."

"Nimekusikia."

"Ukimwacha alirudie mbele yangu, kesho Chenge ataniuliza mke wake nilimrudishia nini."

Hilo lilimgusa kila mtu pale. Hata Odeta alitazama chini. Mama mkwe akamwita mumewe kwa sauti ndogo, baba Malimi, na hakuendelea. Nilijua anachotaka kusema. Nikiandika, nimelirudia mbele ya mashahidi, na Ngosha hatalisahau. Neno lake la mtumbwi liko hewani. Nikikataa, nimemkatalia mkwe wangu kitu alichoniomba, nami sijawahi kumkatalia hata kijiko cha chumvi. Na yeye mwenyewe hakusema kwamba nikiandika nimesamehewa. Alisema nionyeshe tu.

Niliipokea fimbo kwa mikono miwili, kwa kuwa mkubwa akikupa kitu hukipokei kwa mmoja. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mahali pa kushikia palikuwa na joto la mkono wake.

"Naomba, mwanangu," alisema baba mkwe.

Sijawahi kusikia mkwe akimwambia mkamwana naomba. Nadhani hata Ngosha hakuwahi. Nikasogea kwa magoti mpaka kwenye ule udongo. Ncha ya fimbo ilikuwa juu yake, kiasi cha unene wa kidole. Herufi ya kwanza nilikuwa nayo tayari mkononi.

Nikaizuia.

"Baba," nilisema, "na mimi naomba. Kwanza niambie. Jumatatu niende hospitali, au nivuke Kamanga?"

Ngosha akageuka kumtazama kaka yake. Baba mkwe alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, macho yake kwenye udongo ule laini, mahali ambapo jina lingekaa. Alinyoosha mkono, akapangusa tena mahali palipokuwa tayari pamepanguswa.

Nilingoja, fimbo hewani: jibu lake kwanza, jina lake baadaye.